Akeyo, Fundi wa Pad Zilizolewa

Wanaokuja kuandika habari zetu hupiga picha mtaro, hupiga picha paa za mabati, kisha huondoka kabla jua halijawa kali. Nimeishi Kawangware miaka ishirini na minne na sijawahi kumwona hata mmoja wao akisimama mbele ya meza ya Akeyo. Basi nitaandika mimi.

Meza hiyo iko Kongo, ile sehemu ya Kawangware ambayo vijia vyake ni vyembamba hata mtu aliyebeba godoro hulazimika kuita kabla ya kupinda kona. Ukiingia chumba cha gemu cha Mbuvi, iko mkono wa kushoto, chini ya dirisha la pekee. Juu yake kuna bisibisi saba, mswaki wa zamani, chupa ya spiriti, pamba, na mkebe wa majani ya chai uliojaa skrubu ndogo kama mbegu za sukuma. Nyuma yake ameketi mama wa miaka hamsini na moja, kitambaa kichwani, miwani imefungwa kwa uzi mweusi. Sisi humwita Mama Celine, kwa jina la bintiye. Tukiwa na haraka humwita mathe.

Hajawahi kucheza gemu hata moja. Nimemwomba mara nyingi, Mbuvi amemwomba, hata Celine amemwomba. Husema mikono yake ina kazi. Lakini hakuna mtu katika mtaa huu, wala katika mitaa mitatu ya jirani, anayejua gemu kama yeye, kwa sababu sisi tunajua kilicho kwenye skrini na yeye anajua kilicho ndani ya pad.

Pad ni kile kifaa cha mkononi chenye vitufe, na vijiti viwili vya kusukuma kwa dole gumba. Bila pad, mashine ya gemu ni sanduku tu lenye feni. Na pad zina ugonjwa mmoja mkubwa. Unaweka vidole mezani, hugusi kitu, na mchezaji wako kwenye skrini anaanza kutembea peke yake kuelekea kona ya uwanja kama mtu aliyetoka kunywa chang'aa. Sisi husema pad imelewa. Watu wengi huipuliza kwa mdomo, mate yanaingia, na pad inazidi kulewa. Wengine huipiga kwenye goti. Mama Celine huifungua, hudondosha tone moja la spiriti kwenye shina la kijiti, hukizungusha mara hamsini huku akihesabu kwa Kijaluo, kisha huiacha ikauke kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Kati ya pad kumi, saba hupona hapo hapo. Zile tatu huzifanyia kazi hadi jioni.

Ufundi huu hakuupata darasani. Alikuja Nairobi mwaka wa tisini na nne kutoka Ugenya na mumewe, Osewe, aliyekuwa akitengeneza redio kwenye kibanda pale stendi ya Kawangware 56. Yeye aliuza omena pembeni. Stima ikipotea, Osewe alimwita amshikie tochi, na kwa kuwa stima ilipotea karibu kila siku, Akeyo alishika tochi miaka kumi na mitatu. Anasema mtu akishika tochi hawezi kutazama kwingine, maana tochi hufuata macho. Osewe alipofariki, wenzake wa stendi walimwambia auze vyombo arudi nyumbani. Alikaa kwenye kiti cha Osewe. Watu walipita wakacheka kwamba mama wa omena sasa anafungua redio. Aliwaacha wacheke, akafungua redio.

Redio zikaisha, simu zikaingia. Mwaka wa elfu mbili kumi na moja Mbuvi alipita na mfuko wa pad sita zilizolewa, akienda kuzitupa. Akeyo akamwomba amwachie hizo pad, atoe skrubu zake. Alizifungua kwa udadisi tu, akakuta ndani vitu alivyovijua: waya, mpira, shaba, vumbi. Wiki iliyofuata alimrudishia Mbuvi pad nne zikiwa nzima. Mbuvi ni Mkamba asiyesema mengi. Alibeba ile meza kwa kichwa kutoka 56 mpaka Kongo na kuiweka chini ya dirisha, na hapo ndipo ilipo mpaka leo.

Mimi nilimjua kwa aibu. Nilikuwa nimemaliza diploma yangu ya umeme, nikirusha maombi ya kazi kila upande, na jioni nikishinda kwa Mbuvi kucheza gemu ya mpira. Siku moja nikafungwa bao la dakika ya mwisho, nikaipiga pad sakafuni. Chumba kizima kikanyamaza, si kwa sababu ya pad, bali kwa sababu wote walijua kinachofuata. Mama Celine alivuta kigoda, akaniambia niketi, akanipa tochi. Hiyo ndiyo sheria yake. Ukivunja pad kwa hasira, hulipishwi kwanza wala hufukuzwi; unamshikia tochi mpaka pad ipone, hata ikichukua saa nne. Aliniuliza kile kidude cha shaba chini ya kitufe kinaitwaje. Mimi mwenye diploma sikujua. Alicheka kidogo, akaendelea. Nilishika tochi kwa muda wa saa mbili na nusu, na sijawahi kupiga pad sakafuni tena.

Tangu siku hiyo nilikuwa kama mwanafunzi wake. Alinifundisha kwamba mashine nayo hupumua: iinue juu ya vifuniko vinne vya soda ili hewa ipite chini, na ufungue kiuno chake kila mwezi uitoe vumbi la Kawangware, maana vumbi letu lina mafuta ya barabarani na hushika kama gundi. Stima ikirudi, usiwashe. Hesabu mpaka mia moja, kwa sababu stima ya kwanza huja na hasira, na hasira hiyo imeua mashine mbili za Mbuvi. Ukiona umepiga shuti na mpira unaondoka wewe umeshakata tamaa, usiilaumu pad. Ingia kwenye mipangilio ya TV uzime mapambo yote ya picha, kwani TV inajipamba kwanza ndipo ikuonyeshe. Haya yote aliyajua kwa kusikiliza malalamiko yetu nyuma ya migongo yetu na kuyafuata mpaka yalikoanzia.

Lakini kuna jambo moja ambalo sijaliona kwa fundi mwingine. Mama Celine husoma pad.

Akiifungua, huviinua vipira vilivyo chini ya vitufe, kimoja kimoja, na kuvigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kitufe kinachobonyezwa sana, kipira chake huzama katikati. Kijiti kinachosukumwa sana upande mmoja, ukingo wake huliwa upande huo. Kwa alama hizo anajua mtu hushambulia kupitia wapi, hupenda kupiga mbali au kusogea karibu, huogopa au hukurupuka. Kuna jamaa alimletea pad akaulizwa ni lini aliumia dole gumba la kulia. Ilikuwa miezi miwili iliyopita, kwa mlango wa gari. Hakuwa amemwambia mtu.

Sasa niseme kuhusu ile fainali.

Kila mwaka, Agosti, mchezaji mmoja wa Kawangware hukutana na mmoja wa Kibera katika gemu ya mpira. Kombe lenyewe lilichomelewa na mafundi wetu wa vyuma kutokana na mabaki ya mageti, ni zito kama jiwe la kusagia, na lilikuwa limekaa Kibera miaka minne mfululizo. Miaka minne! Nilikuwa nimechoka kusikia kwamba sisi tunajua kulichomelea kombe tu, kulibeba hatujui. Mwaka huo nilishinda mchujo wa kwetu. Upande wa Kibera alikuwa Ken, kijana mrefu mpole anayeishi karibu na stendi ya Olympic, ndiye aliyekuwa amelibeba mara mbili za mwisho.

Alhamisi kabla ya fainali, Ken mwenyewe akaingia kwa Mbuvi. Mmoja wetu akamuuliza kama kijana wa Kibera amepotea njia.

"Sijapotea," Ken akasema. "Nimeleta mgonjwa kwa daktari."

Hata sisi tulicheka. Pad yake ilikuwa imelewa vibaya. Alikuwa ameipeleka kwa mafundi wawili huko kwao na ikarudi vilevile, na kila mchezaji wa fainali hucheza na pad yake mwenyewe, iliyozoeana na mikono yake. Mama Celine aliisikiliza kwanza, akakizungusha kijiti karibu na sikio, akamwambia arudi saa kumi.

Mimi sikuondoka. Nilimwona akiifungua. Nilimwona akigeuza vipira kwenye mwanga, kimoja kimoja, na alipofika cha nne akatabasamu kidogo. Nilikuwa nalijua tabasamu hilo. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyesoma barua mpaka mwisho.

Saa kumi Ken alikuja, akaijaribu pad kwenye mashine ya Mbuvi, mchezaji akasimama tuli kama askari. Akamshukuru sana, akaondoka. Nilivuta kigoda.

"Mathe, umeona nini ndani?"

"Vumbi."

"Kando na vumbi?"

"Waya."

Basi nikatoa hotuba. Nilikuwa bingwa wa hotuba chuoni na sikumpunguzia hata moja ya hoja zangu. Nilisema kuhusu miaka minne ya kudharauliwa. Nilisema mtaa ni mwili mmoja, na jicho halifichi mkono kitu. Nilisema Kawangware ndiyo iliyompa kiti. Aliendelea kupanga skrubu kwenye mkebe mpaka nikaishiwa pumzi, ndipo akanisimulia kitu kuhusu Osewe.

Zamani mwalimu fulani aliacha redio pale kibandani. Osewe alipoifungua alikuta barua imekunjwa nyuma ya betri, kutoka kwa mwanamke ambaye hakuwa mke wa mwalimu. Aliitengeneza redio, akairudisha barua mahali pake, akakaza skrubu. Jioni aliyekuja kuichukua alikuwa mke wa mwalimu. Osewe alimpa redio, akamwambia imepona, akamtakia safari njema. Kwa miaka kumi na mmoja hakumwambia mtu yeyote, hata mkewe. Alimwambia akiwa kitandani hospitalini, siku zake za mwisho, na hakulitaja jina la mwalimu.

"Aliniambia hivi," Mama Celine akasema. "Ukifungua kitu cha mtu, siku ya kukifunga, funga na ulichoona."

Akaniuliza, akiniita kwa jina langu la nyumbani:

"Khaemba, nikikuambia ya Ken leo, kesho wewe utaniachia pad yako?"

Nilikasirika. Nilipoinuka kuondoka, akanyoosha mkono.

"Leta yako. Umeniuliza ya mwenzako, yako hujawahi kuniuliza."

Aliifungua pad yangu nikiwa nimesimama. Kwanza akanionyesha kitufe cha mbio: springi yake ilikuwa imelegea kabisa, hairudi juu bila kusukumwa. Akasema mimi hukimbia hata nikiwa sijui ninakoenda. Halafu akainua kipira cha kitufe cha pasi, akakishika kando ya kile cha mbio. Kilikuwa laini, kimejaa, kipya kama siku ile niliyonunua.

"Wewe husema mambo ya umoja kutwa nzima," akasema. "Vidole vyako haviamini mtu."

Nimewahi kukosolewa na wahadhiri na kupigiwa kelele na askari wa lango la chuo. Hakuna aliyenipata kama mama huyu na kile kipira kisicho na alama. Siku mbili zilizobaki nilifanya mazoezi ya jambo moja tu: kutoa pasi kabla ya kukimbia.

Fainali ilichezwa Jumamosi mchana katika ukumbi wa kanisa karibu na Olympic. Tulitoka Kawangware watu kama arobaini. Mama Celine alikuja pia, na mkebe wake chini ya kwapa, kwa sababu hatembei bila huo mkebe. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mwamuzi alikuwa Audrey, dada anayefundisha kompyuta kwa vijana wa pale, na pande zote mbili zilimwamini. Viti vya mbele vilikuwa vya akina mama wa kanisa, na katikati yao alikaa Mama Ken, mamake Ken, amevaa kitenge cha sherehe.

Nilianza nikitoa pasi. Ilikuwa kama kuongea lugha mpya. Vidole vilitaka kukimbia na mimi nilivizuia. Lakini mpira ulitembea. Dakika ya thelathini nikapata bao ambalo watu wetu bado wanalisimulia: pasi saba, mpira haukugusa mguu mmoja mara mbili, na wa nane akausukuma tu ndani. Nyuma yangu Kongo nzima ilisimama. Kipindi cha pili Ken akasawazisha, kwa utulivu, kama mtu anayefunga kifungo cha shati. Tukawa bao moja kwa moja.

Halafu, dakika ya sabini, mchezaji wake akagoma. Ken alibonyeza kitufe cha shuti, hakuna kitu. Akabonyeza tena, shuti ikatoka yenyewe baadaye, ikaenda nje. Kitufe cha pasi kikashuka na hakikupanda. Akainua mkono, na Audrey akasimamisha mchezo. Sheria ilikuwa wazi na ilibandikwa ukutani: pad ikifa, mwenyewe ana dakika kumi za kuifufua, la sivyo mchezo unaenda kwa mwenzake.

Swali la kwanza lilitoka nyuma ya ukumbi. Mtu aliuliza pad ilitengenezwa wapi. Mwingine akajibu, Kongo. Na hapo neno hilo likaanza kutembea kutoka kiti hadi kiti, Kongo, Kongo, Alhamisi hii hii, na mama aliyeitengeneza ndiye yule pale ameketi na Kawangware. Nilisikia mzee mmoja akisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mambo yamepangwa. Sikuona mtu akimtukana Mama Celine. Walimtazama tu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Miaka kumi na mitatu ya tochi, na miaka yote ya meza baada yake, ilikuwa inamwagika sakafuni mbele ya macho ya watu wa mitaa miwili.

Watu wetu, kwa upande wao, walikuwa wanainama masikioni mwangu kuniambia nikae kimya, dakika zinakwenda, kombe linakuja lenyewe.

Mama Celine aliinuka. Akatembea mpaka mbele, akaweka mkebe juu ya meza, akamwomba Ken ruhusa ya kuifungua pad mbele ya kila mtu. Ken akampa. Kisha akatazama huku na huko akitafuta mwanga, na mimi nikawasha tochi ya simu yangu nikaenda kumshikia. Watu wetu walinizomea. Niliwaacha.

Skrubu tano zikatoka. Akafungua mgongo wa pad, na kabla sijaona kitu nikanusa. Ilikuwa harufu tamu, ya manukato na zeituni. Vipira vyote vilikuwa vinang'aa. Mafuta yalikuwa yamepita pembeni mwa vitufe, vyote, bila kuacha hata kimoja, yakatelemka mpaka kwenye shaba, yakakamata vumbi la mfukoni na kuwa matope mazito. Mimi nilikulia kanisani. Najua mafuta ya upako nikiyanusa, yale ya chupa ndogo ambayo hupakwa mgonjwa, msafiri, na mtoto anayeenda kufanya mtihani.

Mama Celine aliinua macho polepole, akatazama viti vya mbele. Mama Ken alikuwa ameshika kitenge chake kwa mikono miwili. Akina mama wawili hao walitazamana kwa muda mfupi sana, na mimi niliyeshika tochi nililiona hilo kwa sababu tochi hufuata macho.

Audrey akauliza shida ni nini.

"Nimeiona," Mama Celine akasema. "Itatoka."

Mtu nyuma akataka iitwe kwa jina. Mwingine akasema kama hakuna cha kuficha, aseme. Neno moja tu lingemsafisha. Lilikuwa mdomoni mwangu, moto kabisa, na mimi si mtu wa kumeza maneno. Mama Celine hakunitazama. Alisema tu kwa sauti ya chini, kana kwamba anaongea na pad, kwamba mwanga usitikisike. Nikafunga mdomo. Nikashika tochi. Naye akaendelea kupangusa, pamba na spiriti, kitufe baada ya kitufe, huku ukumbi ukimhukumu mgongoni.

Ken alikuwa ameketi karibu nasi. Dakika ya sita ya zile kumi alichukua kipande kimoja cha pamba chafu kilichoanguka, akakinusa. Kisha akasimama, mrefu vile alivyo, akawageukia watu wake.

"Ni mafuta ya maombi," akasema. "Yametoka kwetu. Mama wa Kongo hana makosa."

Mama Ken naye akainuka, maana hangeweza tena kukaa.

"Nilipaka usiku akiwa amelala," akasema. "Nilipaka kila kitufe ili kisibaki hata kimoja bila baraka."

Ukumbi ulicheka. Haikuwa dhihaka, ni kicheko cha watu ambao kila mmoja ana mama wa namna hiyo nyumbani. Yule mzee wa mambo yamepangwa alicheka kuliko wote, nadhani kwa aibu. Mama Celine alikuwa anakaza skrubu ya mwisho.

"Mama Ken," akasema bila kuinua kichwa, "siku nyingine paka mikono ya mtoto. Pad haina ngozi."

Alimrudishia Ken pad ikiwa imebaki dakika moja na nusu. Wakati anapita kurudi kitini, wale waliokuwa wamemtazama vile walimpisha njia, na mwanamke mmoja wa Kibera akamshika bega. Mimi nilirudi kwenye pad yangu na mikono iliyonuka spiriti.

Tulicheza dakika ishirini zilizobaki vizuri. Dakika ya themanini na nane nilipata mpira katikati ya uwanja, kushoto kulikuwa na mtu, kulia kulikuwa na mtu, wote wawili wakiwa wazi. Na mimi nikaona lango tu. Nikabonyeza mbio. Nilipita mmoja, nikapita wa pili, wa tatu akaniondolea mpira kama anayemnyang'anya mtoto kisu, na Ken hakuhitaji zaidi ya pasi tatu kufika kwangu. Mbili kwa moja. Kombe la mageti likabaki Kibera, mwaka wa tano.

Tulipokuwa tunatoka, kijana mmoja wa kwao alitaka kunichokoza, akauliza kama tumeona sasa. Nilimjibu nikiwa nimeinua kichwa, na wenzangu arobaini walisikia na wakashangilia kana kwamba tumeshinda. Nilimwambia pad iliyotufunga imetengenezwa Kongo.

Nilisema kweli na nilisema kwa fahari. Fundi wa chini ya dirisha la Mbuvi alikuwa na siri mbili mkononi wiki hiyo. Ya kwanza ingetupa kombe, ya pili ingemwokoa yeye mwenyewe, na zote mbili alizifunga ndani na skrubu zake. Kuna watu wameapa kwa vitabu vitakatifu mbele ya kamera na hawajatunza hata moja. Wakitaka kujua uaminifu ni nini, waje Kongo, waulize kwa Mbuvi, waingie mkono wa kushoto.

Jumatatu iliyofuata, pad kumi na moja zilifika kutoka Kibera ndani ya mfuko mmoja, kila moja imeandikwa jina la mwenyewe kwa kipande cha plasta. Mama Ken aliuleta mfuko mwenyewe. Alikuwa na redio yake pia, ya betri, iliyonyamaza tangu Krismasi. Aliiweka mezani, na kabla Mama Celine hajauliza, akamhakikishia kwamba hiyo hajaipaka kitu. Walikunywa chai pamoja mpaka saa saba, wakiongea Kijaluo ambacho mimi Mluhya nilikidaka nusu nusu, ila vicheko nilivielewa vyote.

Mimi nilileta yangu mwezi wa Novemba. Haikuwa imelewa; nilitaka tu isomwe. Mama Celine aliifungua, akapitisha vipira kwenye mwanga bila kusema lolote, kisha akaninyooshea kile cha kitufe cha pasi nikishike mwenyewe. Nilikipeleka karibu na dirisha. Katikati, pale palipokuwa laini kabisa, palikuwa pameanza kuzama.